Difu ya Delphine na Farasi wa Stash

Delphine Rybak hakuwahi kuona kitu cha kuchukiza kama kile chuma kilichotokeza juu ya boneti ya gari lao. Kilikaa pale kama jipu lililokomaa. Mumewe, Stash, alikata boneti kwa mikono yake ili kipate nafasi, na sasa kila jioni wanaume wa mtaa wao wa Wyandotte walikuja kusimama mbele ya gereji, bia mkononi, vitambi mbele, wakikitazama kama watu waliokuja kuona mtoto mchanga.

Chuma chenyewe kilikuwa pampu ya kuishindilia injini hewa. Injini ikishiba hewa inakunywa petroli zaidi, na ikinywa zaidi inapiga teke zaidi. Gari lilikuwa la milango miwili, lile ambalo kule Michigan huliita gari la misuli, nao walilinunua mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Lilitoka kiwandani na nguvu za farasi mia tatu na kidogo. Stash akazifikisha mia sita, akawa hapati usingizi kwa sifa.

Lakini wote walitazama juu. Hakuna aliyeinama. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: injini ilipewa farasi, na kule chini giaboksi, propela na difu vikaachiwa kuwabeba, vilevile vya siku gari lilipozaliwa.

Na difu, lile fungu la meno ya chuma linalozungusha magurudumu ya nyuma, ndiyo iliyomuuma Delphine. Alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha difu, yeye na wanawake wenzake wa zamu ya asubuhi, wakipanga meno yale mpaka yaumane bila kelele. Kiwanda kilifungwa, kikabomolewa, leo ni magugu na kinyesi cha mabata. Wenzake wengi wamezikwa. Difu ya gari lile ilipita mikononi mwao, na katika zote walizotengeneza, hiyo ndiyo pekee aliyojua iko wapi.

Orville Tackett, mwenye karakana ya jirani na rafiki wa Stash tangu ujana, ndiye aliyeanza chokochoko.

"Shemeji, hiyo difu itoke. Ninayo nyingine, mpya, nene kama paja. Hii yenu ni ya kwendea kanisani."

"Ya kanisani ndiyo iliyokuwa ikikurudisha kwako umelewa."

"Meno yake biskuti, shemeji."

"Yako je? Hayo si ulinunua?"

Stash alicheka mpaka bia ikamtoka puani, na Delphine akageuza uso kwa kinyaa.

Mwishowe alitoa sharti lake. Pampu ibaki, lakini difu haitoki, na gari likienda mbioni liende na tairi zake za kawaida.

"Tairi likiteleza, difu inapumua," alimwambia mumewe. "Likinata chini, zile nguvu zitakwenda wapi? Kitu kitavunjika. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Kusikia unasikia. Kuelewa ndiyo kazi."

Jumapili wakaenda uwanja wa mbio. Pale pa kuanzia hupuliziwa gundi, mtu akikanyaga kiatu kinabaki. Hewa ilikuwa moshi wa mpira, soseji na kabichi chachu, na watu walikula humo humo kama hawana pua. Orville akaja akiviringisha tairi mbili pana, hazina kashata wala mfereji, laini kama ufizi wa kizee.

"Stash, funga hizi. Hizo zako zinapiga moshi tu, utadhani unachoma kuku."

"Tulikubaliana," Delphine alisema.

Orville hakumtazama yeye. Aliwatazama waliosimama kando. "Mnamwona? Miaka yote anatuimbia difu ya kiwanda chao, difu ya kiwanda chao. Leo ipimwe, anaificha ndani ya sketi. Hata yeye haiamini."

Watu wakacheka. Jibu Delphine alikuwa nalo mdomoni: anayepima kikombe kwa nyundo hana haja na kikombe. Angelisema, mambo yangeishia pale. Lakini kicheko kile kilimwingia mahali pabaya, na kiburi kikasema kabla ya akili.

"Fungeni."

Wakafunga. Taa ikawaka kijani, Stash akakanyaga mafuta, gari likainua pua juu, ukasikika mlio kama mfupa wa ng'ombe chini ya shoka. Halikufika popote. Kipande cha jino kilitoboa mfuniko wa difu, oili ikamwagika njia nzima, nyeusi, nzito, inanuka kama yai viza. Na pale, anayemwaga oili huwasimamishia wote mbio, naye hupewa ufagio. Jina la Rybak likatangazwa kwenye kipaza sauti, honi zikapigwa, na Delphine akauchukua ufagio mwenyewe.

Orville alisimama karibu naye. "Si nilisema?"

"Ulisema. Na mimi nilisema. Ila wewe umefurahi."

Stash alitoka garini macho yanang'aa, oili kidevuni. Wala hakuinama kutazama kilichovunjika. "Lakini uliona lilivyoinua pua, Delphine? Sasa tukiweka ile difu ya Orville..."

Delphine akaendelea kufagia.

Siku ya kutoa taka, asubuhi, Delphine alishika spana. Aliifungua pampu akaiweka kando ya barabara. Halafu akachukua kitoroli, akauleta moyo wa difu, uliokwisha kutolewa garini, na meno yake yaliyovunjika, akauweka pembeni ya pampu. Kule waokota vyuma hupita na magari yao kabla ya gari la taka. Stash akatoka na kanzu yake ya kulalia.

"Mama, nini hiki?"

"Kimoja kinarudi ndani, kimoja kinakwenda. Chagua wewe. Mimi Jumapili nilichagua vibaya."

Gari la mwokota vyuma lilikuwa limeshakata kona. Stash akaipapasa pampu, ile inayong'aa, na Delphine akamtazama kama mtu anavyomtazama mbwa anayenusa jalala. 

"Vyote viwili, mzee?" mwokota vyuma aliuliza kutoka dirishani.

Stash akaiachia pampu. Kisha akachuchumaa, akaikumbatia difu tumboni, akaguna, akainuka nayo. Oili ikamchuruzika mpaka magotini.

"Chukua hicho kinachong'aa," alisema bila kugeuka.

Delphine hakumshukuru. "Usipite nayo jikoni kwangu," alimwambia. "Na tundu la boneti uzibe wewe, sitaki kuonekana nalo mbele za watu."