Cheche kwenye sikio la Yona

Sauti yenyewe ni ndogo: ta, kama kijiti kikavu kilichovunjika. Majuzi niliisikia nikivua sweta, nikajikuta nimerudi Etobicoke, ughaibuni kwenye baridi kali, ghorofa ya kumi na moja, katikati ya miaka ya tisini. Nina miaka tisa, na nyumbani kuna mtu anayeshukiwa.

Aliyeshukiwa alikuwa shangazi Foibe, dada yake baba. Alitoka Dodoma kuja kumlea mdogo wangu Yona ili mama arudi kwenye kazi yake ya kuhudumia wazee. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto, na jambo hilo, kama mtakavyoona, halikumsaidia. Kila jioni mama alikuwa akiingia, anavua koti la sufu na buti, anavuka zulia kwa soksi nene, akiburuza miguu kwa uchovu, kisha ananyoosha mikono. Shangazi anamkabidhi mtoto. Ta. Yona analia. Mara nyingi cheche ilimpata sikioni.

Mama aliwasimulia wenzake wa kanisani. Mmoja wao, nami nikijifanya natazama katuni, alisema iko mikono isiyo na heri, hasa ya mtu mwenye kutamani cha mwenziwe. Wiki hiyo nilimsikia mama akimwambia baba kwamba pengine ingefaa wifi arudi nyumbani kabla ya Pasaka. Baba alikohoa. Kwa baba, kukohoa kulikuwa jibu kamili.

Mimi nilikuwa mtoto wa maswali. Mama alizoea kusema kwamba hata malaika akinitokea nitamdai kitambulisho. Nikajiuliza: kama mikono ya shangazi ndiyo mibaya, mbona anambeba Yona mchana kutwa na mtoto halii? Jumamosi moja nilimfuatilia. Niliona kwamba kila mara, kabla ya kumbeba, anaweka kiganja kwenye bomba la sinki. Nilidhani anapoza mikono, nikaendelea na uchunguzi wangu.

Shuleni mwalimu alikuwa amesugua puto kwenye nywele zake, akatueleza jinsi hewa kavu ya majira ya baridi inavyouacha umeme ukusanyike mwilini. Basi nilifunga mapazia, nikavaa soksi za mama, nikaburuza miguu zuliani kama yeye, nikasogeza ufunguo wa mlango karibu na bomba. Cheche ya buluu iliruka kabla havijagusana. Kwa kidole iliuma; kwa ufunguo haikuuma.

Jumatatu jioni, shangazi akiwa katika wiki ya nane kwetu, nilimzuia mama njiani, nikampa ufunguo na kumwomba aguse bomba kwanza. Alidhani ni mchezo, akagusa. Ta. Kisha akampokea Yona, na Yona akamtazama tu, akicheua maziwa.

"Unaona?" nikasema. "Si shangazi. Ni wewe unayemchoma."

Nilisema kwa Kiingereza, kama tulivyozoea watoto wa kule, lakini wote wawili walielewa. Mama aliitazama mikono yake. Nilingoja shangazi anishukuru.

"Nyamaza wewe," akasema. "Mama yako ametoka kuinua watu wazima tangu alfajiri." Kisha akamgeukia mama. "Wifi, kaa kwanza. Chai ipo."

Nilikwenda chumbani nimenuna. Nilikuwa nimemwokoa mtu, na huyo mtu amenikemea.

Shangazi hakurudi Dodoma Pasaka ile. Alikaa hadi Yona alipoanza shule. Ufunguo ulifungwa kamba, ukaning'inia kando ya sinki. Sikumsikia mama akiomba radhi. Nilichokiona ni kwamba alianza kumwachia shangazi achague nguo za Yona za kanisani, jambo ambalo hata baba hakuruhusiwa.

Chuo kikuu nilisoma kwamba cheche huwauma wote wawili wanaogusana, na kwamba kwa maumivu peke yake huwezi kujua nani alikuja na umeme. Nilimpigia shangazi simu kumweleza, nikijivuna kidogo. Alisikiliza hadi mwisho.

"Nilijua tangu wiki ya kwanza," akasema. "Sinki lilinifundisha."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza, hali alikuwa karibu kufukuzwa.

"Ningeanzaje kumwambia mama kwamba mkono wake ndio unaomliza mwanawe?"

Siku ile ya ufunguo nilikuwa sahihi. Yeye alikuwa amenitangulia kwa wiki saba, na kila jioni ya wiki hizo alimkabidhi mtoto na kukubali kutazamwa vibaya.