Korja ya Boriti Ishirini na Moja

Nilipomaliza masomo, nafasi ya ualimu msaidizi katika skuli yetu ilikuwa moja tu, na mwalimu mkuu, Mzungu mrefu asiyecheka, hakusema atampa nani. Nikawa naipima kila salamu yake. Akiitikia kwa sauti, nilijiona nimeipata. Akiitikia kwa kichwa tu, nilijiona nimeikosa.

Darasa lililokuwa nyuma ya langu lilikuwa na kijana mmoja wa Kibokoni, kwetu Mji wa Kale, mwana wa muuza boriti, aliyecheza mpira kana kwamba miguu yake ina macho. Mimi nilikuwa wa kwanza katika masomo miaka yote, na hakuna dirisha lililofunguka kwa sababu napita na vitabu. Yeye akikatiza kichochoroni hata bila mpira, madirisha ya juu yalifunguka moja baada ya jingine. Nilijiambia ni joto.

Mji wa Kale ukicheza na Kilindini, watu walikwenda uwanjani kama waendao kwenye ngoma ya mashindano, kila upande na nyimbo za kuwakebehi wenzao. Siku moja Kilindini walimwimba baba yake, kwamba boriti zake zina mchwa. Kijana akaacha mpira, akamwangusha mlinda lango wao, akamkalia kifuani na kumjibu kwa wimbo, beti zote mpaka mwisho. Hapo ngumi zikaanza. Watu wa kwetu walicheka mpaka wakakaa chini. Mwalimu mkuu hakucheka. Alitoa hukumu kwamba, maadamu ni mwanafunzi wake, mechi ya marudiano hataicheza, isipokuwa afaulu mtihani wa hesabu, ambao hajapata kuufaulu.

Kisha akaniita mimi.

"Mfundishe wewe," alisema. "Kwake yeye nitajua kama unafaa kuwa mwalimu."

Niligeuza maneno hayo kila upande na kila upande yalikuwa na mwiba. Akianguka, kazi yangu imekwenda naye. Akifaulu, atarudi uwanjani na mji mzima utamwimba, tena kwa jasho langu. Nilimwombea dua huku nimeuma meno.

Alikuja barazani kwetu baada ya alasiri, mdomo umejaa karanga.

"Shikamoo, maalim," alisema, na tulikuwa karibu rika moja.

"Kaa. Mtu ana korja tano za boriti. Ni boriti ngapi?"

"Mia na tano."

"Mia."

"Mia na tano, ndugu yangu. Rudia wewe, labda umechoka."

Nilidhani ananichezea. Nikampa hesabu za nazi, akapata zote. Nikampa za maembe, akapata kabla sijamaliza kusema. Nikirudi kwenye korja, fungu la ishirini, anakosa, na anakosa kwa uso wa mtu aliyedhulumiwa. Na mwalimu mkuu, kwa kujivunia kwamba anaijua biashara ya pwani, mitihani yake yote aliijaza korja: za boriti, za kaniki, za ngozi.

Nilikwenda bandani kwa baba yake nikitaka kulalamika. Nilimkuta akimhesabia mteja. "Kumi na tisa, ishirini," alisema, kisha akaongeza nyingine juu ya fungu. "Na hii ya heri. Haya, korja hiyo." Akaanza fungu la pili, na hilo nalo akaliongeza. Mwanawe amekulia pale. Tangu anatambaa hajaona korja ya ishirini.

Nilirudi polepole. Yaani hakuwa mjinga hata kidogo, na hilo liliniuma kuliko madirisha. Nilijaribu kuona kama ipo njia ya yeye kuanguka na mimi nikabaki na kazi. Nilizunguka mtaa mara mbili nikiitafuta, sikuiona.

"Ile ya heri usiihesabu," nilimwambia jioni. "Kwenye mtihani, korja ni ishirini kavu."

Alinitazama kwa mashaka. "Basi huyo Mzungu anauza bila heri? Nani atarudi kwake?"

Alifaulu. Asubuhi ya mechi mwalimu mkuu aliniita, akanipa mkono, akaniambia nianze kazi Jumatatu. Uwanjani sikwenda. Nilimtaka mama asikie kwangu kwanza, lakini alikuwa sokoni, na aliporudi akasimama mlangoni na wanawake wa jirani, kwa kuwa kelele zilikwisha kuingia mjini. Tumeshinda. Vijana walikuwa wamechukua toroli ya bwana mkubwa fulani, kigari ambacho watumishi humsukuma nacho mjini, wamempakia mwana wa muuza boriti, na wanaisukuma juu ya reli zake huku wakiimba.

Nilijipenyeza mpaka kwenye bega la mama.

"Mama, nimepata ualimu."

"Alhamdulillahi, mwanangu," alisema. Alikuwa ameshika leso mpya mkononi, bado imekunjwa, tayari kumrushia yule wa torolini. "Sogea kidogo basi, wanizibia."