Steringi Aliyekataa Sale

Wanangu wamenichosha. Kila Jumamosi ni ubishi mbele ya televisheni: nani zaidi, yule anayeruka au yule anayepasua ukuta kwa ngumi? Majuzi mkubwa wao alinisomea kwenye simu kwamba wajuzi wa filamu wameisifu sana hiyo waliyokuwa wanaitazama, wameipa nyota sijui ngapi. Nikamwambia watu wazima wenye akili zao hawawezi kusifu suruali za kubana. Akacheka. "Mama, wewe mambo ya filamu huyajui."

Mimi! Mimi niliyekuwa nasimama juu ya kreti la soda na kutafsiri picha hizo kwa mdomo wangu mwenyewe, ghala zima likinisikiliza, sauti ikinikauka hadi napewa chai ya tangawizi bure. Siyajui mambo ya filamu? Haya, ngoja niwaambie.

Ilikuwa Rombo, mlimani kwetu, juu kidogo ya mji wa Mkuu, miaka ile bei ya kahawa ilipoanguka na ghala la kahawa la kijijini kwetu likabaki tupu. Jirani yetu mmoja, fundi cherehani, aliuza vyerehani vyake viwili, akanunua televisheni, deki ya video na jenereta, akalikodi lile ghala na kupanga mabenchi. Jumapili baada ya misa watu walijaa hadi mlangoni. Tatizo likawa lugha. Picha zilikuwa za Kiingereza, na wazee wetu hata Kiswahili walikizungumza kwa kukibeba begani, maana nyumbani ni Kichagga tu. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri kuitwa chuo cha ualimu, nimekaa nyumbani nachuma majani ya ng'ombe. Fundi akanifuata. Nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Nilitafsiri kwa Kiswahili, lakini matusi niliyaweka kwa Kichagga kwa sababu yanaingia vizuri zaidi. Watu walicheka hadi wanaanguka kwenye mabenchi. Nisipoelewa neno nilitunga, na hakuna aliyejua. Nasema wazi, nilizipenda zile picha za watu wenye nguvu za ajabu. Steringi, yaani shujaa wa picha, anatokea hewani, ananyanyua lori kwa mkono mmoja, na ghala zima linasimama kupiga makofi kana kwamba ni mtoto wa shangazi yao. Wewe mwenyewe asubuhi umebeba ndoo ya maji kichwani mlima mzima, halafu unaona mtu anaunyanyua mlima. Raha iliyoje!

Kanda nilizifuata Moshi mjini, kwenye duka la mzee mmoja wa Kihindi ambaye zamani alisimamia jumba la sinema. Alikuwa mpole, mkali wa maneno tu. Nilipoomba picha ya kuruka, aliishusha kutoka kwenye rafu kama anayeshusha dawa ya minyoo, akavaa miwani na kunisomea nyuma ya kasha.

"Wanasema hapa ni kazi ya kipaji kikubwa."

"Na wewe umeiona, mzee wangu?"

"Nimeiona. Nilisinzia." Akanitazama juu ya miwani. "Binti, mtu asiyeumia, mimi nimhurumie kwa lipi? Chukua hii ya Kihindi. Mama analia ndani yake, utanishukuru."

Nilichukua zote mbili, na ile ya Kihindi iliangaliwa na wanawake tisa. Nilipomwambia alisikitika kweli, nami nikamwonea huruma, ingawa nilimcheka njia nzima ya kurudi.

Nyumbani lakini hatukuwa na kicheko. Mwaka mmoja kabla ya hapo baba alilazwa kwa upasuaji wa ngiri, akakaa hospitali zaidi ya mwezi. Kaka yangu, mkubwa wetu, ndiye aliyebaki na kihamba, yaani shamba letu la migomba na kahawa lililozunguka nyumba. Kahawa hailipi, watoto wa watu wanalima nyanya na wanajenga. Kaka akaona amsaidie baba. Aking'oa nusu ya kahawa, baba akitoka hospitali atakuta miche ya nyanya imeshika na atafurahi. Hakumwuliza mtu. Ile kahawa ilipandwa na babu kwa mikono yake, na baba alikuwa anaijua mti kwa mti.

Baba alirudi akaiona ardhi iko wazi. Alikaa chini, pale pale kwenye udongo, na koti lake la kwendea kanisani. Hakupiga kelele. Alimwambia kaka, "Toka." Kaka akatoka, akashuka Mabogini kulima mpunga wa watu.

Sasa, kwetu mtu akikosa sana haji mikono mitupu. Anakuja na sale, lile jani refu la kijani tunalolipanda kwenye mipaka na makaburini. Analifunga fundo, anafuatana na mzee wa kumsemea, anampa aliyemkosea. Ukishapewa sale umekwisha. Huwezi kukataa. Anayekataa sale anajitafutia laana yeye na kizazi chake, na hilo kila mtoto wa mlimani analijua kabla hajajua kusoma.

Baba alilijua vizuri sana, ndiyo maana alikuwa anakimbia.

Haki ya Mungu, mzee mzima! Mara ya kwanza kaka alipotuma salamu kwamba anakuja na sale, baba aliamka alfajiri akaenda sokoni Mkuu, hana cha kuuza wala cha kununua, akashinda huko. Mara ya pili alipanda basi hadi Bomang'ombe kumsalimia shemeji ambaye hawapatani. Mara ya tatu salamu zilichelewa. Kaka na mzee wake wakawa wameshafika uani, baba akatokea mlango wa nyuma na kuchutama kwenye migomba hadi walipoondoka. Mama alipita karibu yake na majani ya ng'ombe akasema kwa sauti, "Mwaka huu migomba yetu inakohoa." Nilicheka, kisha nikaenda jikoni nikalia, kwa sababu nilikuwa nimeuona uso wa kaka alipokuwa anageuka kurudi na jani lake mkononi.

Kisha kaka akapata mtoto wa kiume, mjukuu wa kwanza, na baba hajamwona. Ikaja barua: atakuja mara moja tu tena, Jumapili ya pili ya mwezi. Akimkosa baba, atanunua kiwanja Mabogini, atajenga na kuzikwa huko. Mama alinipa barua nimsomee baba. Nilisoma hadi neno la mwisho. Baba alisema, "Sawa," akaendelea kunoa panga.

Wiki ile ile mambo ya video yakachafuka. Mtoto mmoja alijifunga kanga ya mama yake shingoni, akaruka kutoka paa la banda la mbuzi, akavunjika mkono. Wazazi wakaja juu. Kamati ya wazee ikaamua itakuja ghalani kujionea yenyewe kama hizo picha zina faida yoyote au zifungwe. Baba alikuwa kwenye kamati. Alikuwa hajakanyaga mle tangu kahawa ilipoacha kupimwa, na alipoingia alitazama mahali mizani ilipokuwa kabla hajakaa.

Fundi alinibana pembeni. "Weka nzuri kuliko zote. Weka ile iliyosifiwa."

Nikaiweka ya kipaji kikubwa. Steringi alikuwa amevaa nguo ya zambarau iliyombana hadi mama mmoja akafunika macho ya binti yake. Anaruka, anazuia treni kwa kifua. Wazee walianza wamekunja mikono. Treni iliposimama, mmoja alisahau akapiga goti lake kwa furaha. Nikajua tumepona. Adui ni rafiki yake wa zamani aliyemsaliti, na mwisho wanapigana juu ya ghorofa ndefu, kwenye paa lililopangwa vyungu vya maua. Adui anashindwa, anaangukia kwenye vyungu, anainuka kwa magoti. Mkononi ameshika jani. Jani refu, la kijani.

Watu wakanyoosha shingo. Nami, mjinga mimi, mdomo ukanitoka kabla ya akili. Adui alisema kitu kama "nisamehe, ndugu yangu", na badala ya kuishia hapo nikatafsiri: "Nimekosa. Nimekuletea sale."

Steringi akampiga teke. Adui akaruka nje ya paa, akapotelea chini, na muziki wa ushindi ukalia.

Weee! Sijawahi kusikia kelele zile. "Amekataa sale!" "Yesu na Maria, amekataa sale!" Wanawake walishika vichwa, vijana waliosimama tayari kupiga makofi wakabaki na mikono hewani. Nikapaza sauti, "Jamani, lile ni ua la chungu tu, Wazungu wanapamba nalo nyumba!" Mzee mmoja akanijibu, "Tunalijua sale, binti. Na wewe si umesema ameomba msamaha?" Na kweli, kuomba alikuwa ameomba.

Aliyesimama juu kuliko wote alikuwa baba yangu. Fimbo hewani, mishipa ya shingo imetoka. "Huyu si shujaa! Ana nguvu za kuzuia treni, anashindwa kupokea jani! Huyu ni mshenzi, na waliomsifu ni washenzi wenzake!"

Watu wakaitikia. Ndipo sauti ya mama ikatoka kwenye mabenchi ya wanawake, taratibu kabisa, kama anayeulizia chumvi.

"Huyo angalau alisimama akaletewa. Wengine wanachutama kwenye migomba."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Hakukuwa na asiyejua. Baba alibaki amesimama na fimbo yake, kisha akaishusha, akatoka nje akipita katikati ya watu, na hakumtazama yeyote. Niliona aibu kwa ajili yake hadi nikatamani nizime jenereta. Nilimpenda sana baba yangu, na sikupenda alivyochekwa.

Kamati ilitoa hukumu bila yeye. Video ziendelee, watoto wasiingie na kanga, na ile kanda isionyeshwe tena kwa sababu ya tabia mbaya ya steringi. Nilipoirudisha Moshi nikamsimulia mzee wa duka, alicheka hadi akavua miwani. Mimi nashikilia hadi leo kwamba ile kamati ilikuwa na wajuzi kuliko walioandika kwenye kasha. Wale walihesabu milipuko. Wazee wetu waliuliza mtu huyu anaishije na wenzake. Lakini siwezi kusema ile picha haikustahili kujaza ghala. Ilistahili. Ya Kihindi ingewaliza wanawake tisa tu, na baba yangu asingekuwa mmoja wao.

Jumapili ya pili ilifika. Tulitoka misa ya kwanza, baba akaweka kigoda mbele ya nyumba, akakaa na koti lake. Mama alimenya ndizi, mimi nilifagia ua uliokwisha kufagiwa. Kila alipokohoa niligeuka kumtazama. Saa sita hivi tukasikia hodi njiani. Baba akainuka, akaenda upande wa migomba. Nikasema moyoni, basi, tumemkosa kaka yetu.

Alikuwa anafuata kigoda kingine, kilichosahaulika chini ya mgomba. Alikileta akamwekea mzee aliyefuatana na kaka, kisha akakaa chake.

Kaka alipiga magoti, sale amelishika kwa mikono miwili. Yule mzee alianza kusema maneno yake, baba akanyoosha mkono akalipokea kabla hajafika katikati. Kaka alikuwa amekonda, mabega yametokeza kwenye shati.

"Huko Mabogini mnalima mpunga tu, hamli?" baba aliuliza.

"Tunakula, baba." Kisha kaka akashindwa kujizuia. "Nimekuja mara tatu. Kwa nini ulinikimbia?"

Baba alililainisha lile jani gotini kwake.

"Nilijua nikikutazama tu nitakusamehe," alisema. "Sasa nani angeililia kahawa ya baba yangu?"

"Mimi nililia," kaka akasema. "Mti wa kwanza tu, nikalia. Nikaendelea kung'oa."

Baba alimtazama mwanawe kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akafunika mdomo kwa kiganja. Kisha akauliza mtoto yuko wapi.

"Yuko na mama yake, kule chini njiani. Tuliogopa kuingia naye."

Baba aliinuka, akaiacha fimbo yake pale ukutani, akateremka kwenda kumchukua mwenyewe.