Nilivyotafuta kobe la kuvalisha bodi nyekundu ya Baba, tukalipata Mollo likiwa limejaa ulezi

Wakuu, salamu kutoka Sumbawanga. Baridi ya mwezi wa sita imetubana huku mpaka naandika huku nimejifunika blanketi.

Kuna mdau juzi alifungua uzi akiuliza mtu anapataje donor car ya kit car hapa Bongo. Watu wakamcheka, wakamwambia akanunue bodaboda.

Mimi sikucheka. Hilo jambo nimelifanya na mzee wangu, enzi zile mnazosema hakukuwa na kitu. Nitasimulia lilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga. Na naonekana mjinga kweli, subirini.

Kwa wasiojua: kit car ni gari unalounda mwenyewe. Unakuwa na bodi mpya tupu, halafu unatafuta gari kuukuu, unalivua bodi yake, unabaki na sakafu, magurudumu, usukani na injini. Juu yake unavalisha bodi yako. Hilo kuukuu ndilo donor. Sisi hilo jina tulikuwa hatulijui. Baba aliliita "gari la chini".

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, ile ruksa ya kila mtu kufanya biashara imekolea. Mitumba imejaa sokoni, redio kaseti kila kibanda.

Mzee wangu alikuwa dereva wa chama cha ushirika. Miaka mingi alibeba mahindi ya vijijini kuleta maghalani. Ruksa ilipoingia, wafanyabiashara wakaja na malori yao kununua mahindi huko huko kwa mkulima. Ushirika ukalegea, wakapunguza watu, naye akapunguzwa.

Wakuu, sijui kama mmewahi kukaa na dereva asiye na gari. Leseni aliitunza kwenye nailoni, mfuko wa shati. Akipewa lifti, mguu wake wa kulia unakanyaga breki hewani. Mwisho akaacha kabisa kukaa mbele kwenye magari ya watu, akawa mtu wa kutembea. Mama alikuwa anasema bora angekuwa mlevi, tungejua pa kumtafuta.

Alipata vibarua kwenye karakana moja ya misheni. Pale kulikuwa na bruda mzungu, mtu wa vyuma hasa, aliyeletewa kreti kubwa kutoka kwao. Ndani yake bodi ya gari ya faibaglasi, nyekundu, haina paa, haina milango, imekaa kama beseni la kufulia. Bruda akaugua kabla hajaanza kuiunda, akarudishwa kwao. Siku ya kuondoka akampa Baba.

Ile bodi ilitengenezwa kukaa juu ya zile gari ndogo za mgongo wa duara, injini nyuma, tulizoziita kobe. Gari lingine haikubali.

Ikaletwa nyumbani kwa mkokoteni, ikawekwa uani. Baba akawa anaiosha kila Jumamosi. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Lakini mimi nilikuwa namwona anavyoingia ndani yake, anakaa juu ya ndoo aliyoipindua, anaangalia mbele. Na mwaka ule ndio alianza kukohoa. Nikasema moyoni, huyu mtu lazima aendeshe tena kabla mambo hayajaharibika.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nauza nguo za mitumba sokoni, jinzi imepigwa pasi, raba nyeupe. Najiona bishoo wa mji mzima.

Tukasikia kuna kobe Ilemba, kule bondeni. Tukashuka na lori la wanunuzi wa mazao, Baba akapanda nyuma juu ya magunia. Mwenye gari akatupokea vizuri, akapitisha kitambaa kwenye bodi, ikang'aa.

"Mnaona? Haijakwaruzwa hata kidogo!"

Baba akalala chini kuchungulia. Sakafu yote imeliwa na kutu, majani yamechomoza mpaka kwenye pedali. Yaani jamaa alikuwa anatusifia kile tunachokwenda kukitupa, na tulichokifuata hakipo. Mdau mwenye uzi, hapo chukua hiyo: lala chini. Usionee huruma shati.

Kabwe nako, kule Ziwa Tanganyika, tukaambiwa lipo. Kufika, lilishauzwa vipande vipande, hata taa hatukuiona. Tukala migebuka tukarudi.

Kumbe lilikuwa Mollo, pua na mdomo na mjini! Kwa Mzee Kristofa, mkulima ambaye Baba alimbebea mahindi miaka yote ya ushirika. Alilinunua enzi zake nzuri, likamshinda, akaliezekea paa la nyasi nyuma ya nyumba.

Tukaenda. Shikamoo, marahaba, habari za siku nyingi. Baba akalala chini ya gari, akakaa huko mpaka nikaanza kuogopa. Alipoinuka ana majani kichwani na anacheka. Miaka mitatu sijamwona anacheka vile.

"Sakafu nzima," akasema. "Nzima kabisa!"

Shida ilikuwa ndani. Limejaa ulezi mpaka dirishani. Mzee Kristofa aling'oa kiti cha nyuma, akapanga magunia, akafunga vioo. Panya hapati pa kupita, mvua haigusi. Siku hizo wakulima walishajifunza kushikilia mazao mpaka bei ichangamke, na ghala la yule mzee lilikuwa hilo kobe.

Tulipomweleza haja yetu, akatutazama kana kwamba tumekuja kumwezulia nyumba. Wakazungumza na mkewe, Mama Skolastika, Kifipa kirefu. Jibu likatoka kwa mama.

"Gari chukueni, litawafaa. Sasa niambieni, ulezi wangu mtauweka kichwani?"

Tukakubaliana. Tuwajengee kihenge kipya, kikubwa, cha fito na udongo. Kikikauka, ulezi unahamia, gari letu. Baba akaongeza na baiskeli yake juu.

Huku kwetu kazi ya namna hiyo unapika pombe ya ulezi, majirani wanakuja, wanafanya kazi, kazi ikiisha wanakunywa. Hata mtoto mdogo wa Ufipa anajua utaratibu. Asiyejua ni mimi, bishoo wa mitumba, niliyejiona najua kuongoza watu.

Asubuhi ya siku ya kazi, watu wamekaa wanasubiri udongo ulainike, mimi nikaona wanapoa. Baba na Mzee Kristofa wamekwenda kukata fito. Nikamwambia Mama Skolastika tuwape kidogo wapate nguvu. Akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikajibu kwa kifua mbele kwamba mjini ndivyo tunavyofanya, mtu analipwa kwanza anachangamka.

Kweli walichangamka! Kufika saa sita ukuta wa kihenge umefika magotini na umepinda, fundi mkuu analia akimkumbuka marehemu mama yake, na mzee mmoja amelala ndani ya kobe juu ya magunia, amejifungia, anakoroma. Kulitoa gari siku ile, nani amtoe yule mzee?

Baba hakunigombeza. Alinitazama tu, akasema, "Haya bwana, mtu wa mjini." Ningependelea kofi.

Ikabidi ipikwe pombe nyingine na tusubiri iive. Kosa hilo likatugharimu wiki nzima. Dereva mmoja wa lori, mwenzake Baba wa zamani, alikuwa ameahidi kutuvuta mpaka mjini Jumamosi ile ile. Wiki ilipopita, yeye alishapakia mahindi kwenda Mbeya.

Mara ya pili nilikatazwa kusogelea mtungi. Kihenge kikasimama, kikakauka, ulezi ukahama. Gari likabaki tupu, matairi bapa, injini imegoma.

Matairi Baba aliyajaza nyasi kavu, akashindilia kwa mti mpaka yakawa magumu. Breki ya mkono akaifufua. Kuhusu kuvuta, Mzee Kristofa akaenda kwa jirani yake Masanja, mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga, akarudi naye pamoja na maksai wanne.

Ng'ombe! Ng'ombe, wakuu! Mimi nipite katikati ya mji, sokoni kwangu, nyuma ya gari linalovutwa na ng'ombe?

Masanja akafunga minyororo. Lazima mtu awe kwenye usukani, maana kwenye mteremko gari lingewagonga maksai miguu. Baba akanawa uso, akafunga vifungo vyote vya shati. Akaingia. Akarekebisha kioo, kioo ambacho kilikuwa na nusu tu. Mama Skolastika akaleta mfuko wa ulezi wa zawadi, akamkabidhi dirishani.

Wakaanza kuondoka, mara Baba akavuta breki. Maksai wakasimama. Akajinyoosha, akafungua mlango wa upande wa abiria.

"Ingia bwana, twende."

Nikamwambia nitatembea. Nikasingizia kwamba nitaangalia magurudumu kwa nyuma. Akaushikilia ule mlango wazi kidogo, kisha akaweka ule mfuko wa ulezi kwenye kiti, akafunga.

Njia nzima aliendesha. Nasema aliendesha, na atakayebisha tugombane. Kona alitoa mkono nje kuonyesha ishara. Akikutana na baiskeli anapisha. Watu walikuwa wanakimbia kutoka majumbani kuja kushangaa, wengine wanapiga vigelegele, na yeye anawapungia kama mgeni rasmi. Masanja anaimba mbele kwa Kisukuma. Baba hakukohoa hata mara moja, au labda nilikuwa mbali sana kusikia.

Maana mimi, tulipokaribia mjini, nilivuka nikawa ng'ambo ya barabara. Mshikaji wangu mmoja wa sokoni akaniuliza, "Oya, yule si mshua wako?" Nikacheka tu, nikapindisha maneno.

Nyumbani tukavua ile bodi kuukuu, tukavalisha nyekundu. Ilikaa kama imezaliwa pale. Ikabaki injini. Tukaagiza vipuri, tukasubiri, kile kifua nacho hakikusubiri. Mvua za mwaka ule hazijaisha tukamzika Baba.

Injini nilikuja kuiwasha miaka miwili baadaye. Inaunguruma vizuri mpaka leo, nimeenda nayo Laela, nimeoa nayo, wanangu wamejifunzia humo. Baba hakuwahi kuendesha kwa injini. Safari yake ilikuwa ile moja ya Mollo, na pembeni yake alikaa mfuko wa ulezi.

Nilichojifunza, ukiacha habari ya kulala chini na kutogawa pombe kabla ya kazi: ukimtafutia mzazi furaha, ikija usianze kuangalia imekuja na nini. Yangu ilikuja na maksai wanne nikaikimbia.

Haya, uwanja ni wenu. Mwenye picha au kumbukumbu za kobe za huku Nyanda za Juu aweke. Mwenye kunicheka kwa ajili ya ng'ombe acheke, nimeshazoea.

Ila ndugu zangu mtakaotaka kunifariji kwamba nilikuwa kijana na sikujua, msijisumbue. Nilijua. Nilimwona ameshika breki, ameacha mlango wazi, ananisubiri.