Matofali Yenye Kovu

Mzee Bura wa Mogitu alikuwa na kanuni moja ya ujenzi, na aliwapa watoto wake wote pamoja na wakwe: nunua bati kwanza, kisha chimba msingi ambao bati hizo zinaweza kuufunika. Hakuwa fundi. Alikuwa mkulima wa mbaazi na maharage aliyekwisha kuona majirani wengi wakiinua kuta ndefu ambazo baadaye ziliota nyasi ndani.

Mkwe wake, Bonaventura, aliisikia kanuni hiyo mwaka aliooa. Akaitikia, "Ndiyo, baba," na kwa miaka minane akaishika. Si kwamba aliielewa. Aliyeishika hasa ni Zita, mkewe, na yeye alikuwa akimfuata.

Bonaventura ni karani wa mizani katika ghala moja la alizeti mjini Katesh. Kutwa anapima magunia ya watu, na mkulima akijaribu kuficha jiwe katikati ya alizeti, Bonaventura anamgundua kabla mshale wa mizani haujatulia. Ungetegemea mtu wa namna hiyo ajue uzito wa mambo yake mwenyewe. Lakini wapo wengi wenye macho makali kwa magunia ya wenzao tu.

Yeye, Zita na watoto wao wawili walipanga chumba kimoja na ukumbi karibu na soko. Mwaka jana mwezi wa tatu mwenye nyumba aliwaambia wahame mwisho wa Desemba, kwa kuwa alitaka kubomoa ajenge fremu za maduka. Taarifa hiyo haikuwatisha. Walikuwa na kiwanja Mogitu. Kiwanjani palikuwa na matofali elfu tisa ya kuchoma, na nyumbani kwa Mzee Bura yalikuwa yameegemezwa mabati arobaini na mawili, ambayo Zita aliyanunua mawili mawili kwa fedha za kuku na maharage. Mpango ulikuwa vyumba vitatu na sebule, paa la kushuka pande mbili. Kila kipimo kilitoka kwenye yale mabati. Kuanzia Agosti hadi Desemba, nyumba ya namna hiyo inatosha kuinuka na kuezekwa, na ukuta ukabaki na muda wa kukauka.

Matofali waliyafyatua wenyewe, viangazi viwili, kwa udongo wa kiwanja hicho hicho. Na tuseme ukweli: Bonaventura alifika Jumamosi mchana, na Jumapili baada ya misa. Siku zilizobaki Zita ndiye aliyekanyaga udongo na kufyatua, akiwa na mwanae mgongoni. Kibao chao cha kufyatulia kilikuwa na ufa upande mmoja, kwa hiyo kila tofali lilitoka na mstari ubavuni, kama kovu la kisu. Bonaventura alitaka wanunue kibao kingine kwa sababu ya sura. Zita akamjibu kwamba kovu halivujishi.

Agosti, shangazi yake Bonaventura alilazwa hospitali Haydom, naye akaenda kumjulia hali. Akirudi stendi akapita mbele ya nyumba mpya ya kijivu. Ilikuwa na nguzo mbili za duara barazani, na kuta zilizopanda juu mpaka zikalificha paa lote. Alisimama akaipiga picha saba, basi likamwacha. Shangazi alipona wiki ile ile. Mpwa ndiye aliyerudi mgonjwa.

Siku ya tatu alikuja na fundi, jina lake Alfredi, kijana wa maneno mengi na simu yenye kioo kilichopasuka. Zita akawapa chai.

"Bosi, hii inaitwa kontemporari," Alfredi alisema, akikuza picha kwa vidole. "Ila tofali za kuchoma haiwezi kuzikubali. Hii inataka bloku."

"Kwa nini isizikubali?" Zita aliuliza.

"Za kuchoma ni za kijijini, shemeji."

"Na Mogitu ni wapi?"

Alfredi alicheka, akamgeukia Bonaventura, maana ndiye aliyekuwa na mshahara.

"Halafu hilo paa," Zita aliendelea. "Likijificha, mvua itajuaje pa kupita?"

"Kuna bomba, shemeji. Maji yanashuka kistaarabu."

"Hapa chini ya mlima mvua haijasoma ustaarabu."

Maneno ya Alfredi yalikuwa uongo mtupu. Tofali la kuchoma likiiva vizuri linabeba ukuta huo bila taabu. Lakini fundi huyu alilipwa kwa kila bloku aliyoipanga, na nyumba hii mpya ya vyumba vitano ina bloku nyingi kuliko ile ya vitatu. Simlaumu sana. Mwizi anayekaribishwa chai si mwizi peke yake.

Jioni ile Bonaventura aliandika bajeti nyuma ya stakabadhi ya mizani. Aliandika msingi, saruji, nondo za nguzo, madirisha ya aluminiamu, marumaru za sebuleni. Hakusahau hata taa mbili za kuning'inia barazani. Zita alisoma mpaka mstari wa mwisho.

"Baba Eva, hapa umeandika nini?"

"Paa."

"Mbele ya paa."

"Tutaona."

"Tutaona ni bati ngapi?"

"Mama Eva, unataka nijenge banda? Wenzangu wa ghalani watakuja kututembelea."

"Waje. Watakaa chini ya nini?"

Nimezunguka maduka ya vifaa kutoka Katesh hadi Dongobesh, na sijakuta duka linalouza tutaona.

Matofali yaliuzwa Septemba. Aliyeyanunua ni Farida, mama wa makamo anayeuza vitenge na ndoo za plastiki Katesh, ambaye alikuwa akijiandaa kujenga vyumba vya kupangisha. Mabati yake yalikuwa yamelala stoo tangu mwaka uliotangulia. Mtu wa duka hakuhitaji kumsikia Mzee Bura ili ajue kanuni yake.

"Shikamoo, Mama Shabani," Bonaventura alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu." Farida alichukua matofali mawili akayagonganisha, yakalia kama chuma. "Yameiva haya. Mbona mnauza?"

"Tumepanda daraja kidogo, mama. Tunajenga kwa bloku."

"Hongereni. Mimi bado niko daraja la chini," Farida alisema. "Nipakilieni yote."

Zita alikuwa amesimama pembeni. Alihesabu tripu za lori mpaka ya mwisho, akaenda zake nyumbani kwa miguu.

Bloku zilianza kupanda. Mchanga uliletwa kutoka mbali, na kwenye ile stakabadhi hakukuwa na mstari wa lori. Maji ya kumwagilia bloku yalinunuliwa kwa mapipa, nayo hayakuwa na mstari. Katikati ya Oktoba kuta zilifika usawa wa madirisha na fedha zikafika usawa wa vumbi. Hapo mwenye akili angesimama, apige hesabu upya, aezeke hata vyumba viwili ahamie. Bonaventura akaenda kwa mkwewe, akayapakia mabati arobaini na mawili, akayauza kwa mtu wa Dongobesh ili anunue nondo na saruji ya nguzo. Kwamba mabati yale ni ya kuku wa Zita, hakuona kuwa ni jambo la kuulizia. Mzee Bura alimsaidia kuyafunga kamba.

Nguzo zikasimama. Bonaventura akajipiga picha katikati yake, akaiweka kwenye simu, na kabla ya saa ya chakula wafanyakazi wenzake walikuwa wamemtumia dole gumba thelathini na nane. Wiki iliyofuata aliwaomba wachangie saruji. Hakupata hata mfuko mmoja. Dole gumba halibebi mfuko.

Novemba mvua zikaanza. Alfredi aliaga kwamba anaenda Mbulu kwa siku mbili, na simu yake haijapokelewa hadi leo.

Zita hakupiga kelele. Alianza kutafuta chumba. Vilivyokuwa karibu na shule ya Eva vilikuwa vya bei kubwa, isipokuwa vya nyumba moja mpya iliyoezekwa wiki mbili kabla ya Krismasi, ambayo bado haikupigwa plasta. Walihamia tarehe ishirini na tisa. Farida mwenyewe ndiye aliyewafungulia mlango na kuwakabidhi funguo. Hakutaja daraja. Hakuhitaji.

Eva, mwenye miaka saba, ndiye aliyeona kwanza. Alipitisha kidole ukutani, tofali hadi tofali.

"Mama, haya ni yetu."

"Yalikuwa," Zita alisema.

Ukuta mzima ulikuwa na mistari, kovu juu ya kovu, kutoka sakafuni hadi kwenye kenchi. Bonaventura aliutazama, kisha akasema wapige plasta.

"Kamwombe ruhusa mwenye nyumba," mkewe alimjibu.

Kiangazi hiki alimwomba Zita waanze upya, wafyatue taratibu, kile kibao bado kipo. Zita alimsikiliza hadi mwisho.

"Baba Eva, mimi nimeshajenga," alisema, akarudi kwenye maharage yake.

Huko Mogitu kuta zimeishia kwenye madirisha. Kondoo wa jirani hupita kati ya nguzo mbili na kulala sebuleni, pale pa marumaru.

Nyumba hiyo imemgharimu Bonaventura matofali elfu tisa, mabati arobaini na mawili, akiba ya miaka minane, na mikono ya mke ambayo hatapewa tena. Kodi ya chumba ni shilingi elfu sitini kwa mwezi, na Farida anataka miezi sita mbele.