Jezi Namba Tatu ya Turlough

Mimi ndiye kipa bora aliyewahi kutokea kaunti yetu ndogo ya Leitrim, na siku ile timu ya jiji kuu ilinifunga magoli sita tu. Mpira wetu wa Kigaeli, unaochezwa kwa mikono na miguu, hauna mshahara, lakini wenzetu wana makocha wa kulipwa na mpishi wao. Sisi tuna Attracta, anayefua kwake seti yetu moja ya jezi.

Beki wetu Turlough alikamua ng'ombe alfajiri, akaja kumkaba nyota wao, Devane. Turlough alikuwa kaichezea kaunti yetu miaka kumi na sita bila kombe, na hiyo ilikuwa mechi yake ya mwisho. Alitaka kitu kimoja, kubadilishana jezi na Devane.

"Jezi zangu hazitoki," Attracta alisema.

"Dada, nakuomba," Turlough akasihi. "Na mimi nikumbukwe huko jijini."

Attracta akalainika. Mechi ilipoisha wakabadilishana. Turlough akalia, nami nikamcheka mpaka mbavu zikauma.

Kwenye korido nikamkuta Devane anafuta matope ya viatu vyake kwa ile jezi ya Turlough, yenye kiraka kiwikoni. Akaitupa kwenye pipa. Nikaiokota, nikamrudishia Attracta, maana nyingine hatuna.

Jumapili iliyofuata Turlough alisimama nyuma ya goli langu, kavaa jezi ya Devane. Beki mpya akaingia uwanjani na jezi yenye kiraka kiwikoni.

"Ile si niliyompa Devane?"

Mdomo wangu hautulii. "Ndiyo hiyo, kaka. Alikukumbuka mpaka kwenye pipa."

Akaivua ya Devane, akabaki kifua wazi mvuani. Watu wakadhani amelewa, wakampigia makofi.