Mwana Hiti Aliyekwenda Bomani Bila Ruhusa

Niliwahi kujisifu hadharani, mbele ya Mzungu mkaguzi na watu waliojaa baraza zima, kwa kazi iliyochongwa kabla mama yangu hajazaliwa. Na si kwamba nilidanganya. Ningedanganya ningejisamehe mapema, maana uongo una akili kidogo ndani yake. Mimi niliamini. Nilisimama pale, mkono kiunoni, nikaeleza jinsi nilivyoteseka kuichonga.

Yote yalitoka kwenye ile kozi ya ufundi wa mikono, zama za Mwingereza, pale Kisarawe juu karibu na boma. Ilikuwa ya mwaka mmoja, kwa watu ambao wangekwenda kufundisha shule za vijijini. Tulikuwa sita. Wenzangu waliingia kwa kupenda kazi. Mimi niliingia kwa sababu nyumba ya bibi yangu mzaa mama, niliyokuwa nikiishi, ilikuwa bonde moja tu kutoka darasani, na saa sita mchana ningeweza kurudi kula bada la moto, ugali wetu wa muhogo. Vijana niliomaliza nao darasa la kumi walishatawanyika: huyu karani Tanga, yule reli Tabora, na kila mmoja ananiandikia barua ya kujivuna. Mimi nawajibu kwa habari za muhogo. Hata nilipokuwa shule Dar es Salaam nilirudi nyumbani kila Jumamosi nikisingizia nguo za kufua. Bibi akinipokea begi ananuka shati moja, anasema, "Mume wangu, hii mbona safi? Umekuja kufua au kunyonya?"

Alikuwa ananiita mume wake, kama bibi zetu wote wanavyowaita wajukuu wa kiume, na alinitendea kama mume asiyefaa.

Sheria ya kozi ilikuwa hii: siku ya mwisho kila mwanafunzi anaweka kazi yake mezani, anasimama kando yake, anaeleza alivyoifanya tangu mti ulipokuwa porini au udongo ulipokuwa mtoni. Mwalimu wetu, mzee mmoja mkavu, alikuwa akitwambia kila siku, "Kazi isiyo na maelezo ni kuni." Mimi maelezo nilikuwa nayo tele. Kuni ndizo zilizonishinda. Miezi tisa nilikuwa nimetoa mwiko mmoja uliopinda na kinyago cha tembo ambacho kila aliyekiona alikisifu kwa jina la mnyama mwingine.

Ndipo nikapata wazo. Nitachonga mwana hiti.

Kwa asiyetoka kwetu Uzaramo: mwana hiti ni mtoto wa mti, urefu wake shubiri na kitu, hana mikono wala miguu, kichwani ana mafundo mawili ya nywele na kifuani ana matiti madogo. Msichana akivunja ungo anawekwa ndani, na huyo ndiye mtoto anayekabidhiwa. Anampaka mafuta, anamlaza, anamwamkia asubuhi. Siku ya kutoka, anatoka naye. Humnunui dukani. Ukoo una wake mmoja, anapita kutoka mwali hadi mwali. Wa kwetu alilelewa na bibi, kisha na mama, kisha na dada yangu, na sasa zamu ilikuwa inamkaribia binti wa dada. Mimi ndiye mjomba. Kwa mila zetu mjomba ni nguzo ya nyumba. Basi itazame nguzo yenyewe.

"Bibi," nikamwambia, "niazime mwana hiti nimwige."

"Unataka kuzaa kwa kuchungulia?"

"Nitamrudisha sandukuni kila jioni."

"Akipata hata mkwaruzo mmoja, talaka. Tena utarudisha mahari niliyokulisha."

Nikachonga wiki tatu. Nilitumia tezo ya kuazima na patasi moja butu, na kipande cha mninga ambacho kwa tabia yake kilikuwa hasa kipande cha jiwe. Nikasugua kwa majani ya msasa mpaka vidole vikaota malengelenge. Shingo ikapasuka, nikaiziba kwa nta. Ziwa moja likaja kubwa kuliko jenzake. Nikalipunguza, likawa dogo. Nikapunguza la pili, basi tukaendelea hivyo mpaka nikaona tukizidi kifua kitaisha. Kisha nikamning'iniza juu ya mafiga ya jikoni apigwe moshi, nikampaka mafuta ya mbarika. Akawa mweusi, anang'aa. Katika giza la jikoni mle, naapa, walikuwa pacha.

Nikaukata mtandio wa kaniki wa bibi vipande viwili, nikamfunga huyu na huyu, nikawaweka pamoja sandukuni wazoeane.

Alfajiri ya siku ya maonyesho nikapapasa sandukuni, nikachukua bunda moja, nikashika njia. Jua lilipotoka, baraza la shule likiwa limefagiwa na meza sita zimepangwa, nikafungua kaniki. Nikashangaa. Shingo imenyooka! Nta haionekani! Macho yamepata utulivu fulani. Nikajiambia: kumbe moshi hufundisha. Nikamgeuza huku na huku kwa mapenzi. Mwenzangu wa meza ya pili, kijana wa Soga, akaja akatazama, akainama akatazama tena.

"Wewe," akasema, "ulikuwa unatuficha?"

"Ufundi hauna haraka, ndugu yangu," nikamjibu. Nilimjibu hivyo! Mpaka leo nikikumbuka sentensi ile nakung'uta kichwa kama niliyeingiwa na mdudu.

Watu wakajaa. Walikuja wazazi, maakida wastaafu, wauza korosho waliokuwa wakipita tu. Mkaguzi akafika na kofia yake, Mzungu mrefu mwenye Kiswahili safi kuliko changu, jambo lililonikera tangu salamu. Akaanza meza ya kwanza.

Hapo alisimama dada mmoja wa Mlandizi, mwanamke pekee kati yetu, na mkeka wake wa rangi tatu. Alieleza alivyochemsha ukindu kwa magome na mizizi, akaeleza alivyokosea safu ya saba akaifumua yote. "Kwa nini hukuiacha?" mkaguzi akauliza. "Ingekuwa inanitazama nikilala," akajibu. Watu wakapiga makofi.

Yule wa Soga alikuwa amechora gari moshi kwa mkaa, karatasi nne zimegundishwa. Akaeleza kwamba alikaa stesheni ya kwao miezi miwili, na kwa kuwa gari halimngoji mtu, alikuwa anachora gurudumu moja kila linapopita, kisha anangoja la kesho.

"Na huyu mtu dirishani?" mkaguzi akauliza.

"Huyo alipita mara moja tu, bwana. Ndiyo maana hana pua."

Baraza likaangua kicheko, na mimi nikacheka kwa huruma ya mtu aliyewazidi wote. Halafu zamu yangu ikafika.

Mkaguzi alimchukua mwana hiti kwa mikono miwili. Akampeleka kwenye mwanga. Mwalimu wetu mkavu akasogea, akachungulia juu ya bega lake.

"Eleza," mkaguzi akasema.

Nikaeleza. Ee Mola, nilieleza! Mninga, tezo, msasa, moshi. Nikaeleza falsafa ya shingo. Nikasema ziwa la kushoto na la kulia lazima yazungumze.

"Lakini hapa mgongoni," mkaguzi akasema, akipitisha kidole gumba, "pamelika kama pameshikwa na watu wengi miaka mingi. Hili umelifanyaje?"

Nilitazama. Kweli palikuwa pamelika. Sikukumbuka kupafanya hivyo, lakini msanii hakumbuki kila kitu. "Subira, bwana," nikasema.

Akachukua karatasi yake, akaandika, akasoma kwa sauti ili wote wasikie: daraja la kwanza, na kazi hii ichukuliwe leo hii kwenda Dar es Salaam ikawekwe kwenye kabati la vioo, watu wa mbali waione. Dereva wake akaitwa alete sanduku lenye majani makavu ndani. Nikapeana mkono na mwalimu. Nilikuwa nimelewa bila kunywa. Nilianza hata kuwaza nitaandika nini Tabora.

Hapo ndipo nikasikia kelele bondeni.

Walikuwa wanawake watatu, wanapanda kilima kwa mbio zile za watu wazima ambazo mikono inakwenda kuliko miguu. Mbele bibi yangu. Nyuma dada yangu. Katikati somo, yule mama wa kuwafunda wali, amebeba bunda la kaniki mbali na mwili wake, kama anayebeba panya kwa mkia.

"Kavunja ungo!" dada akanipigia kelele kabla hajafika barazani, watu wote wakigeuka. "Mtoto kavunja ungo asubuhi hii, mjomba mtu uko wapi?"

Nikataka kumpongeza. Somo hakuniacha. Akafungua kaniki, akalitua lile jambo mezani pangu, *ko!*

Alikuwa mwanangu. Yule wa nta. Nikimtazama juani kwa mara ya kwanza, shingo imekaa kama ya mtu anayesikiliza mlangoni, nta imeyeyuka kidogo inamtiririka, matiti hayazungumzi, yamegombana.

"Nimemfungulia mwali sandukuni," somo akasema, "nampa mtoto, mwali akalia. Nikasema analia kwa utu uzima. Akasema, 'Somo, huyu ananiogopesha.' Nikatazama vizuri, na mimi nikaogopa."

Dereva alikuwa amekwisha kumlaza mwana hiti wetu kwenye majani makavu. Bibi akamwona. Alimtazama yule sandukuni, akamtazama wa mezani, akanitazama mimi, na taratibu nikaona ameelewa kila kitu, hata ule mkono wangu kiunoni ambao hakuuona.

"Shikamoo, mama," mkaguzi akasema.

"Marahaba, mwanangu. Huyo mnampeleka wapi?"

"Dar es Salaam, mama. Amechongwa na huyu kijana."

"Aaa," bibi akasema. "Haya, mume wangu. Waeleze."

Dada alinong'ona kwa ukali, "Jua likizama hana mtoto wa kulala naye, mwanangu anaanza vibaya. Sema!"

Nilihesabu njia zangu. Kunyamaza: daraja la kwanza, kabati la vioo, na mtoto wa dada yangu analala leo na kile kigogo, mtoto wa kwanza wa ukoo kukosa yule aliyelelewa na nyanya yake na mama yake. Kusema: nirudi kwenye mwiko uliopinda. Yule wa Soga ameziba mdomo kwa mikono miwili. Macho yake tayari yalikuwa yanacheka.

"Bwana," nikasema, na sauti ikanitoka nyembamba kama ya kinda, "huyo wa sandukuni ni wa bibi yangu. Wangu ni huyu."

Nikanyoosha kidole. Mkaguzi akafuata kidole. Akatazama kwa makini ya mtu mwenye adabu.

"Huyu?"

"Huyu, bwana."

"Na ile subira ya mgongoni?"

"Ya akina bibi, bwana. Wanne sasa, ukimhesabu wa leo."

Ah, kicheko! Kilianzia meza ya mkeka, kikapita kwa wauza korosho, kikamkuta mwalimu wetu mkavu, ambaye mwaka mzima hatukuwahi kuyaona meno yake. Mkaguzi alijaribu kujizuia, kofia ikamdondoka. Akamchukua mwana hiti kutoka majanini yeye mwenyewe, akamkabidhi bibi kwa mikono miwili. Bibi akamfuta kwa ncha ya khanga, akamnong'oneza kitu, akamtia kifuani. Dada na somo wakapiga vigelegele papo hapo, wakashuka bonde wakikimbia na kuimba, na nusu ya watazamaji wa kike wakawafuata, maana ngoma imepatikana.

Mkaguzi akakata mstari kwenye karatasi yake. Kisha akasema, "Sasa eleza tena. Ukiwa na wako mkononi."

Basi nikaeleza mara ya pili. Safari hii sikuweka mkono kiunoni. Nikawaonyesha mpasuko na nta, nikawaonyesha pale patasi iliporuka, nikawasimulia vita vya matiti mpaka mwisho wake wa aibu. Nikaeleza nilivyomfungua jua linatoka nikamsifu moshi. Watu walilia kwa kucheka, na mimi nikajikuta nacheka nao, siwezi kumaliza sentensi, na yule dada wa Mlandizi ananipiga mgongoni nisikabwe. Mkaguzi aliuliza maswali saba na nikayajibu yote, maana hakuna anayelijua kosa kuliko mwenyewe.

Nikapewa daraja la tatu, la mwisho kabisa linaloruhusu mtu kufundisha. Mwalimu akaninong'oneza kwamba mawili ya kwanza yalikuwa ya mikono na hili la tatu ni la mdomo. Nikapangiwa shule ya Masaki, ile ya huku kwetu Uzaramo si ya Dar es Salaam, ambako kwa baiskeli ningeweza kurudi kwa bibi kila wiki. Sikutaka zaidi.

Mwana hiti wangu hakuna aliyemtaka. Dereva alikataa hata kumpa yale majani. Nikamtia kwapani, nikashuka nyumbani, ngoma inasikika tangu bondeni. Jirani yetu, mama mmoja ambaye hajawahi kupamba neno maishani mwake, alikuwa uani kwake anatwanga makopa ya muhogo. Akanisimamisha, akanipokonya yule mtoto wa mti, akamgeuza mbele na nyuma, akanirudishia, akashika tena mchi wake.

"Baba," akasema, "kama huyo ndiye mwanao wa kwanza, usizae wa pili."